Mtengeneza Betri Aliyenunua Mgodi

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya jiwe lililopewa jina la zimwi.

Zamani wachimbaji wa Ujerumani walitafuta fedha chini ya ardhi, wakakutana na jiwe lililowahadaa. Walilichoma lisitoe fedha, na moshi wake ukawadhuru. Wakasema hii ni kazi ya kobold, zimwi dogo la migodini, na jina hilo halikutoka tena: kobalti. Leo jiwe walilolilaani limo katika betri za simu nyingi na za magari ya umeme. Huifanya betri itulie, ichajiwe mara nyingi bila kuchakaa upesi.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kusini mwa Kongo, hasa jimbo la Lualaba. Huko watoto wenzenu huongea Kiswahili sokoni na uwanjani, kama ninyi. Na huko, kati ya miji ya Kolwezi na Likasi, ndiko uliko mgodi wa Kisanfu.

Sasa mfikirieni fundi seremala. Kila mwezi ananunua mbao. Mwezi huu bei nafuu, mwezi ujao imepanda mara mbili, naye ameshakubaliana na mteja bei ya kabati. Afanyeje? Akipata fedha, atanunua sehemu ya msitu wenyewe. Ndivyo walivyofanya watengeneza betri. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilifika karibu dola 95,000. Mwaka uliofuata ikaanguka chini ya dola 40,000. Nani atapanga kazi kwa bei inayorukaruka hivyo?

Desemba 2020 kampuni ya madini ya China, CMOC, ilinunua asilimia 95 ya Kisanfu kwa dola milioni 550. Miezi michache baadaye CATL, kampuni ya Kichina inayoongoza duniani kwa kutengeneza betri za magari, ikachukua robo ya fungu hilo. Shikeni kalamu: 550 gawanya kwa 4. Mmepata 137.5? Hizo ndizo milioni za dola ilizolipa CATL. Asilimia 5 iliyobaki ni ya serikali ya Kongo. Tano tu! Mimi naiona ndogo mno kwa mwenye nyumba.

Maana mwenye nyumba ni nani? Sheria ya Kongo inasema madini yaliyo chini ni mali ya taifa. Kampuni hainunui ardhi kama mtu anunuavyo kiwanja. Inashika kibali cha kuchimba. Basi mahali pamoja pana mambo matatu: udongo unaolimwa, madini yaliyo chini yake, na karatasi ya kuyachimba. Mama anaweza kupanda mihogo juu ya utajiri ambao karatasi yake iko ofisini mbali, kwa jina la mtu asiyemjua.

Mambo hayo matatu yalipambana Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba shimo la choo uani kwake, akakuta kobalti. Habari ikaenea. Majirani wakachimba uani, jikoni, hata chumba cha kulala, wakipita chini ya nyumba za wenzao. Mashimo mengine yalibomoka na watu wakafukiwa. Wale hawakuwa wapumbavu, wanangu. Waliona riziki chini ya vitanda vyao. Mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, na tawi la Huayou Cobalt, kampuni ya China inayotayarisha malighafi za betri, likapewa haki ya kununua madini ya wachimbaji wadogo waliofanya kazi humo. Aliyekuwa na nyumba hakuwa na karatasi ya madini, na karatasi ndiyo iliyoshinda.

Kwa hiyo mkisikia kampuni imefika kijijini kwenu kutafuta madini, waombeni wazazi na walimu wakaulize mapema: kibali kina jina la nani, kinafika wapi, na anayehama atalipwa nini? Waulize kabla ukuta haujajengwa. Kwa sheria ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018, kibali cha kuchimba hudumu miaka 25, nacho kinaweza kuongezwa muda. Mwenye miaka 12 leo atakuwa na 37 kitakapokwisha.