Halali na twayyib katika pipi za watoto wetu



Ndugu Waislamu, mzazi anunuapo pipi au juisi ya unga, akiuliza lolote huuliza kama mna nguruwe ndani yake. Ni swali jema. Lakini aya ya 168 ya Suratul Baqara imetaja sifa mbili za chakula: halali na twayyib, yaani kilicho kizuri kisichodhuru. Hii ya pili tumeisahau.

Tazama nyuma ya pakiti. Utakuta namba kama E102, tartrazini, ambayo ni rangi ya manjano, au E110, rangi ya machungwa. Hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao juu ya watoto karibu 300, wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9. Walinyweshwa kwa zamu kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi za aina hii pamoja na sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia kuoza, na kinywaji kisicho navyo, bila kujua kipi ni kipi. Kwa wastani, mchanganyiko ule uliwazidishia watoto utukutu. Athari ilikuwa ndogo, haikumpata kila mtoto, wala haikubainika ni rangi ipi hasa. Hata hivyo, tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya umelazimisha vyakula vyenye mojawapo ya rangi sita za namna hiyo viandikwe onyo kuhusu watoto.

Si kila namba ni sumu, na Muislamu hahukumu kwa dhana. E300 ni vitamini C; E100 ni rangi itokayo katika manjano ya jikoni. E120, kwa upande mwingine, ni wekundu wa wadudu waliokaushwa, na maulamaa wamekhitilafiana juu yake.

Nasi walimu wa madrasa tumo. Mtoto akihifadhi sura tunamtunuku pipi nyekundu, kisha tunamkemea kwa kutotulia. Sisemi pipi ndiyo chanzo cha kila utundu; watoto ni watoto. Ila mimi siku hizi natoa tende. Wiki ya kwanza baadhi yao walinuna.