Makabaila Waliogeuka Wenye Hoteli: Biashara ya Kulaza Wageni katika Majumba ya Warajput

Katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India, ipo biashara ya utalii ambayo bidhaa yake kuu ni kulala nyumbani kwa mtu: ngome, jumba au kasri dogo lililojengwa na ukoo wa Kirajput karne kadhaa zilizopita, ambamo warithi wa ukoo huo wangali wanaishi na kupokea wageni kwa malipo. Warajput ni tabaka la wapiganaji na watawala lililoshika sehemu kubwa ya eneo hilo kwa karne nyingi, kwanza kwa nguvu zao, kisha chini ya himaya ya Wamughal, na hatimaye chini ya ulinzi wa Waingereza. Nyumba zao zinazolaza wageni huitwa hoteli za urithi, na Wizara ya Utalii ya India huzitambua kwa masharti yanayoeleweka: jengo liwe limejengwa kabla ya mwaka 1950, liwe na vyumba visivyopungua 5 vya kukodisha, na sura yake ibaki ya kienyeji hata baada ya ukarabati. Chini ya jina hilo moja, hata hivyo, zimo biashara mbili zisizofanana, yaani ile ya makasri makubwa ya mijini na ile ya majumba ya vijijini.

Chanzo cha tofauti hiyo ni siasa ya uhuru. India ilipojitawala mwaka 1947 ilikuwa na tawala za kifalme zaidi ya 560, na watawala hao walikubali kuunganisha nchi zao na dola jipya kwa ahadi ya posho ya kila mwaka isiyotozwa kodi, ambayo kwa Maharaja wa Jaipur ilikuwa rupia laki 18. Baadhi yao waliona mapema kwamba posho haitatosha kutunza makasri yenye mamia ya vyumba. Sawai Man Singh II wa Jaipur aligeuza kasri lake la Rambagh kuwa hoteli mwaka 1957, na Bhagwat Singh wa Udaipur akafanya vivyo hivyo mwaka 1963 kwa jumba la Jag Niwas, lililojengwa katikati ya ziwa katika karne ya 18. Mwaka 1971 bunge lilifuta posho na vyeo vya watawala kwa marekebisho ya 26 ya katiba, na katika miaka hiyohiyo uendeshaji wa hoteli zote mbili ukakabidhiwa kampuni ya Taj. Tangu hapo makasri ya mijini yamekuwa biashara ya makampuni.

Vijijini mambo yalikwenda vingine. Chini ya kila maharaja walikuwapo makabaila walioitwa thakur, ambao walipewa vijiji na mashamba, milki iliyojulikana kama jagir, ili nao wampelekee mtawala wao askari, farasi na sehemu ya mavuno. Makao ya thakur huitwa rawla, au garh yakiwa na ngome, nayo yalikuwa mahakama, ghala na nyumba kwa wakati mmoja. Sheria ya mwaka 1952 ya kutwaa majagir ilirudisha ardhi hizo serikalini, ikazipa koo husika fidia na kuziachia nyumba zenyewe. Posho ya watawala haikuwahusu. Kati ya mwaka 1953 na 1985 walitozwa pia kodi ya urithi kila mkuu wa ukoo alipofariki, na mwaka 1972 sheria ya kulinda wanyamapori ikafunga mlango wa uwindaji, ambao baadhi yao walikuwa wameanza kuuza kwa wageni wenye bunduki na fedha. Kwa hiyo kizazi cha pili baada ya uhuru kilijikuta kimerithi kuta zenye unene wa dhiraa mbili, paa linalovuja na jina kubwa lisilo na kipato. Nyumba nyingi ziliuzwa kwa bei ya mawe yake, na nyingine zikaachiwa popo.

Wazo la kulaza wageni lilianza kidogokidogo. Ngome ya Mandawa, iliyoanzishwa mwaka 1755 katika eneo la Shekhawati, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kufungua vyumba vyake kwa watalii. Mwaka 1982 ilianza safari ya treni ya kifahari iitwayo Palace on Wheels, iliyouza kwa wageni sura ya maisha ya wafalme na kulijengea jimbo zima jina sokoni. Hata hivyo hoja ya kibiashara iliyowashawishi wengi ilitoka kwa watu wasio wa ukoo wowote wa huko: Francis Wacziarg, mzaliwa wa Ufaransa, na mwandishi Aman Nath walinunua mwaka 1986 magofu ya ngome ya karne ya 15 huko Neemrana, kando ya barabara kuu ya Delhi na Jaipur, wakayakarabati hatua kwa hatua na kufungua hoteli mwaka 1991. Gofu lililokuwa hasara likaanza kulipa. Mwaka huohuo India ililegeza masharti ya uchumi wake, wageni na mitaji ikaongezeka, na makabaila waliokuwa wakisitasita wakatafuta mafundi.

Biashara ya vijijini inategemea ramani kuliko matangazo. Mgeni wa kawaida hukodi gari pamoja na dereva kupitia wakala wa Delhi au Jaipur, kisha huzunguka kwa wiki mbili akipita Jaipur, Jodhpur na Udaipur. Kati ya Jodhpur na Udaipur kuna takriban kilomita 250 za barabara, na katikati yake ndipo zilipo nyumba za Ghanerao na Narlai, kama Deogarh, jumba la mwaka 1670, linavyomsubiri anayetoka Udaipur kuelekea Jaipur. Nyumba hizi ziliishi kwa sababu barabara zilikuwa mbovu na mgeni alihitaji kituo cha kupumzika. Sasa barabara pana zimefupisha safari, na wakala anayetaka kupunguza gharama anaweza kumpitisha mteja wake moja kwa moja, jambo ambalo limewalazimisha wenye nyumba kutafuta sababu za kumfanya mgeni alale usiku wa pili.

Hesabu za nyumba moja zinaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Msimu wa wageni huanza Oktoba na kwisha Machi, kwa kuwa kuanzia Aprili joto hupanda hadi kuvuka nyuzi 45 za Selsiasi na Julai huleta mvua za monsuni. Mapato ya miezi 6 hulazimika kulisha nyumba kwa miezi 12. Vyumba ni vichache na haviwezi kuongezwa bila kuharibu kile kinachouzwa. Kijijini hakuna mkahawa wa kumlisha mgeni wa kigeni, hivyo mwenye nyumba hupika chakula cha usiku na cha asubuhi, humlaza na kumlisha dereva pia, na huweka jenereta kwa ajili ya umeme unaokatika.

Gharama isiyokwepeka zaidi ni chokaa. Majumba haya hayakujengwa kwa saruji. Kuta zake ni mawe yaliyoshikwa kwa udongo wa chokaa, na ndani hupakwa lipu iitwayo araish, yaani chokaa iliyolowekwa kwa miezi mingi, ikachanganywa na unga wa marumaru, ikapakwa tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ing'ae kama kaure, na mwishoni ikapanguswa kwa nazi. Msomaji wa Lamu au Unguja atakuwa ameshaelewa shida iliko, kwani ukuta wa chokaa unataka kupumua. Ukipakwa saruji juu yake, unyevu hunasa ndani, lipu huvimba na kudondoka. Nyumba hizi pia hazikuwa na bafu za mabomba, na mgeni anayelipa hukubali kulala chini ya picha ya babu wa thakur lakini hakubali kukosa maji ya moto. Fundi hulazimika kupitisha mabomba katika ukuta wa miaka 300, na bomba moja likivuja kimyakimya huweza kula msingi wa chumba kizima kabla doa halijaonekana. Fundi wa saruji hupatikana kila kijiji. Fundi wa araish ni adimu na bei yake ni ya fundi adimu.

Pamoja na hayo yote, kinachowarudisha wageni si lipu. Jioni, katika ua wa ndani au juu ya dari bapa, mwenye nyumba huketi na wageni wake, akawaonyesha panga za ukoo na picha za uwindaji, kisha wakaandaliwa lal maas, mchuzi mwekundu wa mbuzi uliokolezwa kwa pilipili za kijiji cha Mathania. Watumishi humwitikia kwa neno hukum, ambalo sikio la Mswahili hulitambua mara moja, nalo humaanisha kwamba kauli ya bwana ni amri. Mwandishi Mwingereza Bruce Chatwin aliandika sehemu ya kitabu chake cha The Songlines, kilichochapishwa mwaka 1987, akiwa mgeni katika nyumba ya Rohet, kilomita 40 hivi kutoka Jodhpur, na nyumba hiyo imeendelea kuvuna jina kutokana na ugeni ule. Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yamewapata wanawake. Wake wa makabaila walikuwa wakitawishwa katika zenana, sehemu ya ndani isiyoingiwa na wanaume wa nje. Leo katika nyumba nyingi mke wa thakur ndiye anayesimamia jiko, anayechagua mapazia na anayekaa na wageni mezani, na vyumba vya zenana, vyenye madirisha ya jiwe lililotobolewa kama kimia, ni miongoni mwa vinavyopendwa zaidi na wageni.

Usiku wa pili huuzwa kwa kijiji. Karibu na Jodhpur wageni hupelekwa kwa gari kwa wafumaji wa mazulia ya Salawas na kwa Wabishnoi, jamii ya kidini inayokataza kukata miti mibichi na kuua wanyama. Kumbukumbu zao zinasema kwamba mwaka 1730 watu 363 wa Khejarli waliuawa walipokumbatia miti ili watu wa mtawala wa Jodhpur wasiikate kwa kuni za kuchomea chokaa ya kasri. Karibu na bwawa la Jawai huonyeshwa chui wanaoishi katika vilima vya mawe pembeni ya wafugaji wa Kirabari. Kwingine hukodishwa farasi wa Kimarwari, wenye masikio yaliyopinda hadi ncha zake kukaribia kugusana, na ada za wapandaji zimesaidia kuwatunza farasi ambao mabwana zao wa zamani walikuwa wameshindwa kuwalisha.

Hapa ndipo biashara hii inapostahili kuulizwa maswali magumu. Mgeni hulipa nyumbani kwa thakur, na thakur ndiye anayeamua ni kibanda gani kitembelewe na mwenye kibanda apewe nini. Wajukuu wa wakulima waliolipa mazao kwa ukoo huo leo ni wapishi, madereva na wapigangoma wake. Ajira hizo ni za kweli, na katika vijiji ambavyo vijana wake hukimbilia viwandani si jambo dogo, lakini uhusiano wa bwana na mtwana umehifadhiwa vizuri kama zilivyohifadhiwa panga ukutani, na wageni wengi huuona kuwa sehemu ya mandhari.

Kwa upande mwingine, eneo la Shekhawati linaonyesha nini hutokea mwenye nyumba asipokuwapo. Huko majumba maridadi zaidi, yaitwayo haveli, hayakujengwa na Warajput bali na matajiri wa Kimarwari, wafanyabiashara waliosafirisha fedha kwa hundi, neno na chombo kilekile kilichozoeleka kwa Wahindi wa pwani ya Afrika Mashariki. Walihamia Kolkata na Mumbai, wakatajirika zaidi, na kuta walizozipamba kwa picha za miungu, magari na treni zikaachiwa walinzi. Wamiliki hawakukosa fedha. Walikosa sababu ya kurudi.

Tishio la sasa kwa nyumba za Warajput lina sura ya neema. Kodi ya bidhaa na huduma iliyoanzishwa mwaka 2017 ilitoza vyumba vya bei ya juu asilimia 28 hadi iliposhushwa kuwa asilimia 18 mwaka 2019, kisha mwaka 2020 janga la korona likafunga mipaka, na viza za watalii wa kawaida hazikurejea hadi Novemba 2021. Waliookoa biashara ni Wahindi wenyewe, hasa wenye harusi, ambao hukodi nyumba nzima kwa siku mbili au tatu na hulipa kwa mkupuo mmoja zaidi ya watalii wa wiki nyingi. Lakini harusi hudai bustani kubwa, maegesho, bwawa la kuogelea na vyumba 40 vinavyofanana, na kila nyumba inayojenga hayo hujisogeza karibu na hoteli ya kawaida, ambako mwenye mtaji mkubwa zaidi ndiye mshindi.

Suala la urithi ni zito zaidi. Zamani mtoto wa kiume wa kwanza alichukua kila kitu. Sheria ya mirathi ya Wahindu ya mwaka 1956, na marekebisho yake ya mwaka 2005 yaliyowapa mabinti haki sawa katika mali ya ukoo, imeweka haki mahali pa desturi, lakini jumba lenye wamiliki wanane halikopesheki benki mpaka wote wanane watie saini. Baadhi ya familia zimeona nafuu kulikodisha kwa kampuni na kuhamia Jaipur, zikibakiza jina lao langoni. Msomaji anayepita Delhi kwa masomo, matibabu au biashara, na ambaye ana siku tatu za ziada kati ya Oktoba na Machi, hana haja ya kuhesabu nyota za hoteli hizi. Kabla ya kulipa aulize kama mwenye nyumba yupo na kama atakula na wageni, na akijibiwa kwamba meneja atampokea, atafute nyumba nyingine.