Majani Yakiyeyuka, Usiung'oe Mmea

Mmea wa kriptokorini hutoka dukani umesimama wima, majani magumu, rangi imekolea. Siku chache baada ya kupandwa kwenye tangi la samaki nyumbani, majani yale yale hulegea, hutoboka, kisha hugeuka ute. Hapo wengi huung'oa na kuutupa huku wakimlaumu muuzaji. Muuzaji anaweza kuwa na makosa mengine, lakini kwa hili mara nyingi hana. Na mmea uliotupwa ulikuwa hai.

Chanzo kiko shambani. Mimea mingi ya matangi ya samaki haikuzwi majini. Wakulima huiotesha mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani, ndani ya vibanda vyenye mvuke. Humo hukua haraka, haishikwi na mwani wala haibebi konokono. Mimea yenyewe inaukubali utaratibu huu kwa sababu asili yake ni ukingoni mwa vijito: Cryptocoryne wendtii huko Sri Lanka, na anubiasi katika misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwemo. Huko maji hupanda na kushuka kwa msimu.

Jani lililokulia hewani limeumbwa kwa hewa. Lina utando wa nta wa kulikinga lisikauke, na vitundu vya kuvutia hewa ya ukaa. Likizamishwa, vyote viwili havilifai tena. Majini hewa hiyo husambaa polepole mno, karibu mara 10,000 kuliko angani, kwa hiyo jani la majini huwa jembamba, laini, likinyonya kwa ngozi yake yote. Jani la zamani haliwezi kujigeuza hivyo. Mmea hurudisha shinani chakula unachoweza kukiokoa, huliacha jani life, halafu huchipua jingine.

Kazi kubwa ya mwenye tangi, basi, ni kutulia, na hilo ndilo linalowashinda watu. Anayeona majani yakioza huongeza mbolea, hubadilisha taa, na kuuhamishia mmea kona nyingine, yote wikendi moja. Kriptokorini hasa haipendi kuhamishwa. Mbolea nyingi na taa kali vikiukuta mmea usio na majani ya kuvitumia, anayeneemeka ni mwani.

Mwanzoni taa iwake saa 6 tu kwa siku; majani mapya yakishatokeza, ongeza taratibu hadi 8. Yaliyokufa yakate kwa mkasi, usiyavute. Badilisha robo ya maji kila wiki, maana majani yanayooza hutoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki. Vipande ulivyokata visiishie mtoni wala mferejini: magugu maji yaliyolisumbua Ziwa Victoria yalitoka Amerika Kusini, na yalisambazwa duniani kwa sababu watu waliyapenda maua yake.

Katika miji yetu ya pwani kuna mtego mwingine. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Bomba likikatika, tangi hujaziwa maji ya kisima, ambayo yanaweza kuwa na chumvi na chokaa nyingi, na mmea uliokwisha kuzoea unaanza kumwaga majani tena. Afadhali kuweka akiba ya maji ya bomba kwenye ndoo. Yakikaa wazi siku nzima, klorini nayo huruka. Kama kisima ndicho tegemeo lako pekee, panda valisneria. Huota hata Ziwa Tanganyika, ambako pH ya maji hufika 9 hivi.

Anubiasi ina sharti lake. Shina lake hulala kama tangawizi, na ukilifukia mchangani litaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo. Kabla ya kuamua kuwa imekufa, libonyeze. Likiwa gumu, liache. Likiwa limelegea na linanuka, kata mpaka ufike penye uzima, kisha ukifunge upya kipande kilichobaki. Kriptokorini ikiisha majani yote, papasa mizizi: ikiwa bado imeshika mchanga, ngoja. Jani la kwanza huchomoza baada ya wiki tatu au nne, dogo na jembamba kuliko yale ya dukani.