Kwa nini kliniki ya meno ina harufu yake? Jibu lipo jikoni kwako

Unafungua mlango wa kliniki ya meno, hata hujakaa kwenye benchi, harufu ishakupokea. Moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, na jino lililokuwa linauma usiku kucha ghafla "limepona". Harufu hiyo hasa ni ya nini?

Kubwa kuliko zote ni karafuu. Ndiyo, karafuu hii hii ya kwenye pilau, ile ya Unguja na Pemba. Mafuta yake yana kemikali iitwayo eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo. Eujenoli inatuliza maumivu na kupunguza vijidudu. Tangu karne ya 19 madaktari wa meno wamekuwa wakiichanganya na unga mweupe wa oksidi ya zinki kupata dawa inayofanana na udongo laini. Dawa hiyo huwekwa kwenye jino lililotoboka, hasa pale jino linapozibwa kwa muda. Ikishaganda, jino linatulia, lakini harufu inabaki chumbani.

Karafuu haiko peke yake. Kuna spiriti na dawa za kusafishia vifaa, viti na sakafu. Kuna kimiminika cha kutengenezea meno ya bandia, kikali puani kama kile cha saluni wanakobandika kucha. Halafu kuna ile harufu kama ya nywele zilizoungua. Hiyo inatoka kwenye jino lenyewe: ndani yake mna protini, na mashine ikizunguka kwa kasi jino linapata moto. Ndiyo maana mashine hiyo hurusha maji muda wote, ili kulipoza. Na jino likiwa limeoza, bakteria nao hutoa gesi zao zinazonuka.

Sasa kwa nini harufu tu ikutie hofu?

Ni kwa sababu pua ina njia ya mkato kwenda kwenye ubongo. Unachokiona au kukisikia hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo. Harufu yenyewe huenda moja kwa moja karibu na sehemu zinazotunza hofu na kumbukumbu. Kama uling'olewa jino ukiwa mdogo na ukaumia, ubongo uliifunga harufu ile pamoja na maumivu yale. Ukiinusa tena, mwili unajihami kabla hujafikiri.

Watafiti wa Ufaransa walilipima hili na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Waliwanusisha watu eujenoli. Wasioogopa daktari wa meno waliiona harufu nzuri tu. Wanaoogopa waliichukia, na miili yao ikaonyesha dalili za hofu. Harufu ni ile ile, tofauti ni kumbukumbu.

Shida ni kwamba hofu hii inawagharimu watu meno. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi. Ukilikimbia, linafika kwenye mshipa wa fahamu, usaha unaingia, na mwisho ni kung'oa.

Na usidanganyike kwamba karafuu ya nyumbani inatosha. Inapunguza maumivu kwa muda, lakini haizibi tundu wala haiondoi uozo. Mafuta yake makali yanaweza kuunguza fizi, na ni hatari mtoto akiyameza.

Ufanyeje basi? Mwambie daktari mapema kwamba unaogopa, atakwenda nawe taratibu na kukueleza kila hatua. Mtoto mpeleke kukaguliwa kabla jino halijamuuma, ili harufu ile aizoee bila maumivu.

Habari njema ni kwamba kliniki nyingi siku hizi hazinuki sana. Dawa mpya za kuzibia zinazokaushwa kwa mwanga wa bluu hazielewani na eujenoli, hivyo karafuu inatumika kidogo kuliko zamani.