Familia za viumbe: Somo liwezalo kuanzia zizini Ifo

NENO ‘familia’ lina maana mbili katika somo la sayansi, na mwalimu asiyezitenganisha mapema humwacha mwanafunzi njia panda.

Maana ya kwanza ni ile ya nyumbani: mama, baba, watoto na jamaa wanaoishi pamoja na kuleana. Ya pili ni ya wanasayansi, ambao huita familia kundi la viumbe wenye asili moja, hata kama viumbe hao huishi katika mabara tofauti na hawajawahi kuonana.

Katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, iliyofunguliwa mwaka wa 1991 karibu na mji wa Dadaab, Kaunti ya Garissa, kutenganisha maana hizo ni jambo zito. Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya, na miongoni mwa wanafunzi wa sekondari msingi wamo waliotenganishwa na wazazi wao kwa sababu ya vita, wakalelewa na nyanya, shangazi au majirani.

Mwalimu akichora ubaoni baba, mama na watoto wawili, kisha aseme kwamba hiyo ndiyo familia, mtoto wa namna hiyo hujiona ameachwa nje ya mchoro. Maumbile yenyewe hayana mchoro mmoja.

Nasaba kama ngazi

Wakazi wengi wa Ifo ni Wasomali, na katika jamii hiyo mtoto hufundishwa abtirsi, yaani kutaja jina la baba, babu na wahenga wake mmoja baada ya mwingine hadi kumfikia mzee wa ukoo. Watu wawili wakutanapo, hulinganisha majina hayo mpaka wapate babu wanayeshirikiana.

Uainishaji wa viumbe hufuata mkondo unaofanana na huo. Spishi zinazokaribiana huwekwa katika jenasi moja, jenasi zinazokaribiana huwekwa katika familia moja, na kadiri mtu anavyopanda ngazi ndivyo babu wa pamoja anavyokuwa wa kale zaidi. Mwanafunzi anayejua nasaba yake tayari amelifahamu nusu ya somo.

Nusu ya pili anaweza kuipata zizini. Ng’ombe, mbuzi na kondoo ni wa familia moja, iitwayo kitaalamu Bovidae. Humo pia wamo digidigi na swala wa porini.

Ngamia, ijapokuwa hucheua kama ng’ombe na hulala katika boma moja na mbuzi, si wa ukoo huo. Jamaa zake wa karibu ni llama na alpaka wa milima ya Amerika Kusini. Familia hiyo ilianzia Amerika Kaskazini mamilioni ya miaka iliyopita, kisha baadhi yao wakavuka kuingia Asia. Twiga naye amebakiwa na ndugu mmoja tu katika familia yake: okapi wa misitu ya Kongo.

Undugu na maradhi

Undugu huo si wa vitabuni tu. Katika Kaunti ya Garissa anaishi hirola, mnyama ambaye makao yake ya asili ni eneo dogo la mpaka wa Kenya na Somalia, na ambaye ndiye pekee aliyesalia katika jenasi yake. Akitoweka, tawi zima la nasaba litakatika.

Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Katikati ya miaka ya 1980, sotoka, maradhi yaliyowaua ng’ombe wengi, yaliwaangamiza pia hirola kwa wingi. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka wa 2011, lakini hirola hawajarejea walivyokuwa. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500, huku nyasi wanazozitegemea zikipungua na vichaka kuenea.

Mwaka wa 2012, jamii ya Ishaqbini, kusini mwa kaunti hiyo, ilipata hifadhi iliyozungushiwa ua wa kuwazuia simba, fisi na mbwa mwitu. Hirola 48 ndio walioanzishiwa humo. Kwa mtoto wa mfugaji, kisa hicho huonyesha kwamba chanjo ya ng’ombe inaweza kumwokoa hata mnyama wa porini.

Malezi ya aina nyingi

Kuhusu familia kwa maana ya malezi, mifano ni tele. Ndovu jike mzee huongoza mabinti, dada na wajukuu, na ndama hulindwa na kundi zima. Twiga huwaacha ndama wao pamoja, mama mmoja akisalia kulinda huku wengine wakienda kula.

Fisi madoa huongozwa na majike. Kongoti, yule ndege mkubwa anayeonekana penye jalala, huatamia mayai kwa zamu, dume na jike.

Chini ya ardhi yuko fuko asiye na manyoya, anayepatikana Ethiopia, Somalia na Kenya. Kundi lake huwa na wastani wa wanyama 75, na huweza kufika 300. Malkia mmoja tu ndiye huzaa. Waliobaki huchimba, hulinda na kulea watoto wasio wao.

Hata hivyo, mwalimu anapaswa kutahadhari. Mnyama si kielelezo cha maadili ya binadamu, na somo hili halikusudiwi kumwambia mtu aishi kama fisi au fuko. Linalokusudiwa ni kuonyesha kwamba kazi ya kulisha, kulinda na kufunza hutekelezwa kwa njia nyingi.

Somo lenyewe halihitaji maabara. Wanafunzi wanaweza kuchunguza mbuzi na ngamia, wakaandika kwato, meno na pembe katika jedwali, kisha wakaamua nani ni ndugu wa nani na kwa ushahidi gani. Jedwali la pili liwe la malezi: nani huzaa, nani hulisha, nani hulinda. Katika jedwali hilo, mtoto aliyelelewa na nyanya yake hatakosa nafasi.