Mota Hupimwa kwa Mlima

Sisi watu wa Mombasa tumeizoea tuktuk kama tulivyouzoea upepo wa kusi. Kwetu barabara ni tambarare, na dereva akilalamika hulalamikia foleni. Lakini Kericho, ndugu msomaji, ni nchi nyingine. Mji wenyewe uko yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya chai hupanda na kushuka mpaka Bomet mithili ya bahari iliyochafuka. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupungukiwa na nguvu kiasi cha moja kwa tano. Mota ya umeme haivuti pumzi, kwa hiyo hasara hiyo haiijui.

Hayo niliyasikia gerejini, kando ya barabara iendayo Litein. Kijana mmoja alikuwa ameitoa injini ya tuktuk yake, ataka kuitia umeme. Mkononi ana bonasi ya majani chai ya mama yake, na mbele yake mota mbili.

"Mzee, hii ya ndani ya gurudumu ni rahisi," akaniambia. "Haina gia wala mnyororo. Muuzaji ameniapia kwamba itakimbia."

Fundi akafuta mikono. "Sikukuuliza itakimbia vipi. Nimekuuliza, kwenu kuna mlima gani, nawe wapakia nini?"

Akatwaa chaki, akaandika sakafuni. Chombo, dereva, abiria na magunia: kilo 600. Mlima: mita 1 juu kwa kila mita 10 za njia. Mwendo: kilomita 20 kwa saa. Jawabu likawa karibu kilowati 4. Mota ya kilowati 1 na nusu, iwafaayo watu wa tambarare, ingepanda hapo kwa kilomita 8 tu kwa saa. Tena mota ya gurudumu isiyo na gia, ikizunguka polepole chini ya mzigo, hunywa umeme mwingi ikaugeuza joto, hata nyuzi zake za shaba zikaungua. Ile ya pili, yenye gia zinazopeleka nguvu kwenye difu, huzunguka mbio huku magurudumu yakienda taratibu. Hiyo ndiyo ya mlimani. Na betri ziwe za volti 72 badala ya 48, kwani kwa nguvu ile ile mkondo hupungua kwa theluthi, na joto la nyaya hushuka chini ya nusu.

Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, hawakukosea. Wakati wa kuteremka mota yaweza kuzuia mwendo na kurudisha umeme betrini. Lakini betri ikiwa imejaa pomoni, umeme huo hauna pa kwenda. Kwa hiyo fundi akakataa katakata kuziondoa breki za zamani.

Mimi mtunga mashairi nikatabasamu. Kwetu mstari usio na mizani huanguka hata ukiwa na maneno matamu. Muuzaji alileta maneno matamu. Fundi alileta mizani.

Kijana akachagua ya gia. Pesa zilizosalia hazikutosha betri kubwa, basi akaridhia safari fupi za kituo cha majani mpaka bonasi nyingine. Akainama, akaanza kufungua nati za difu. Nje mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha anza, na mlima ungali pale pale ukimngoja.