Kupimwa Afya Kazini: Kunamfaa Nani?

Kusini mwa Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, chini kabisa katika Bonde la Ufa, liko Ziwa Magadi, mahali penye joto kali, kadiri ya meta 600 tu juu ya usawa wa bahari. Jina lake si geni kwa mama yeyote wa nyumbani, kwani magadi ndiyo yalainishayo maharage chunguni, na wazee huyachanganya na ugoro. Walakini magadi mengi ya ziwa hilo hayaendi jikoni. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na kazi yake ni kuyachimba, kuyasaga, kuyaosha na kuyachoma kwa moto mkali hata yawe unga, ambao viwanda vya nchi nyingi huutumia kutengenezea vioo na sabuni.

Mtu afanyaye kazi ya namna hiyo hukutana na vumbi, joto na kelele. Vumbi la magadi huwasha macho, pua, koo na ngozi, lakini hilo hujitangaza lenyewe, na mtu hunawa. Joto nalo hujulikana kwa kiu na kuumwa kichwa. Kelele ndiyo adui wa siri. Haimwumizi mtu, hulila sikio kidogo kidogo, na sauti za kwanza kupotea ni zile nyembamba, kama za watoto na ndege. Mwenyewe hudhani ya kuwa watu wa nyumbani wameanza kunong'ona. Afikapo kutambua, uziwi umekwisha kuingia, wala hakuna dawa ya kuurudisha usikivu uliokufa.

Kwa sababu ya mambo kama hayo serikali ya Kenya ilitoa kanuni mwaka 2005 juu ya kupimwa afya kwa wafanyakazi, na nyingine juu ya kelele, zisemazo ya kuwa mtu asikae saa 8 katika kelele ipitayo desibeli 90. Mwaka 2007 ikafuata Sheria ya Usalama na Afya Kazini, iliyoshika mahali pa ile sheria ya zamani ya viwanda. Watu wa kazi zenye hatari yapasa wapimwe kabla ya kuanza kazi, kisha mara kwa mara, na tena waondokapo. Gharama ni juu ya mwajiri. Ukiambiwa kwamba fedha ya daktari itakatwa katika mshahara wako, uliza.

Hata hivyo wengi huogopa. Husema, "Nikionekana nina presha, nitafukuzwa." Hofu hiyo si upuzi, maana vibarua wa zamani walipimwa ili mwajiri ajue kama wana nguvu za kubeba mzigo, na habari za namna hiyo mtoto huzipata kwa babaye. Lakini yuko mtu ambaye, kwa hofu hiyo, humtuma ndugu yake mwenye afya akapimwe kwa jina lake. Kazi ataipata, na karatasi yake itasema uongo.

Fikiri basi: kijana aingia kiwandani na masikio mazima, asipimwe. Baada ya miaka 20 hasikii vizuri. Akidai malipo kwa Sheria ya Malipo ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ataulizwa: tutajuaje ya kuwa hukuja na uziwi huo kutoka kwenu? Kipimo cha siku ya kwanza kingekuwa shahidi wake, naye hana.

Vipimo hufuata kazi. Katika mashamba ya maua ya Kitengela na Isinya, mnyunyizaji wa dawa za wadudu yafaa apimwe damu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza kitu fulani katika damu kitulizacho mishipa ya fahamu. Kikipungua, mtu huyo aondolewe kwenye dawa mpaka damu yake irudi hali yake. Mchimba mawe hupuliza pumzi katika chombo na kupigwa picha ya kifua, maana vumbi la mawe hukaa mapafuni lisitoke.

Lakini si kila kipimo ni halali. Sheria ya mwaka 2006 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi vya UKIMWI ili apewe kazi. Tena siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa na daktari. Mwajiri yamtosha cheti kisemacho kwamba fulani anafaa kazi fulani au hafai. Wewe mwenyewe lakini, omba uelezwe kila kilichoonekana.

Daktari Ramazzini wa Italia aliandika mwaka 1700 akiwashauri matabibu wamwulize mgonjwa: wafanya kazi gani? Ukienda zahanati na kikohozi, mwambie daktari kazi yako hata asipouliza. Na uitwapo kupimwa masikio, kaa mbali na kelele kwa saa 14 hivi kabla ya kipimo. Asubuhi kabla ya zamu ni bora kuliko jioni, kwa maana sikio lililochoka na mashine haliwezi kupimwa sawasawa.